Mwenye Cheti Chini ya Mti

Kwenye kazi ya miti niliingizwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Kabla ya hapo nilikuwa mkulima wa kahawa kule Ruanda, wilaya ya Mbozi, kama alivyokuwa baba yangu, na sidhani kama ningetoka huko laiti kahawa ingeendelea kutulisha. Lakini ilikuja miaka ambayo wanunuzi binafsi walifika na magari yao, kila mmoja na bei yake, na bei zote mbaya. Jirani zangu waling'oa mibuni wakapanda mahindi. Mimi sikuwa na moyo wa kung'oa. Niliiacha shambani ikamezwa na magugu, nikamwachia mke wangu maharage na watoto, nikaenda Tunduma kutafuta kibarua.

Shemeji alikuwa amenitangulia. Alipanga chumba kimoja nyuma ya maegesho ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na chakula chake kilitokana na kukwea miti na kuikata matawi. Mji ulikuwa unafumuka. Watu walijenga kwanza, wakakumbuka miti baadaye. Mtu anaezeka bati jipya, upepo wa Agosti unavuma, ndipo anatazama juu na kuona tawi la mgrivea limelala juu ya nyumba yake. Anamwita shemeji. Shemeji anavua viatu, anafunga panga kiunoni kwa kamba ya katani, anapanda. Kazi yangu ilikuwa kusimama chini, kuvuta kamba na kufukuza wapita njia.

Alikuwa mtu wa kucheka. Akiwa juu aliwasalimia wanawake waliopita na ndoo, akawatania madereva wa Kizambia kwa Kibemba chake cha kuokoteza, nao wakamjibu huku wakipiga honi. Mimi niliogopa kila alipohamisha mguu. Nilimwambia siku moja, "Shemeji, ukianguka mimi nitamwambia nini dada yako?"

"Mwambie nilianguka vizuri," akasema.

Tulifanya hivyo miaka kadhaa. Halafu kampuni moja ikapata zabuni ya kusafisha miti iliyokaribia nyaya za umeme, kuanzia mjini kuelekea Vwawa, na ikatangaza kwamba haitachukua mtu asiye na cheti cha utunzaji wa miti. Sisi hatukujua kama kuna cheti cha namna hiyo. Tuliuliza kwa bwana misitu wa wilaya, akatuambia kipo, kinatolewa na chuo cha misitu, mafunzo ya miezi michache. Chuo chenyewe kilikuwa mbali, safari ya basi ya kulala njiani. Mke wangu aliuza nguruwe wetu. Baba mkwe akamchangia mwanawe. Tukaenda.

Nakumbuka unyonge wa siku za mwanzo. Wenzetu wengi walikuwa vijana waliomaliza sekondari. Mimi niliishia darasa la saba, na shemeji pia. Mkufunzi wetu alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimu uache kupumua ili umsikie. Alituonyesha jani, akataka jina la mti kwa Kilatini. Tukainamisha vichwa. Mti wenyewe tulikuwa tunaujua tangu utotoni, tumechuma kuni zake, tumelala kivulini kwake. Tuliujua kwa Kinyiha. Jina lile halikutusaidia kitu.

Usiku tulikariri. Shemeji alinisomea mimi, mimi nikamsomea yeye, tukagombana juu ya matamshi ambayo hakuna kati yetu aliyeyajua. Mchana mambo yalikuwa nafuu. Tulifundishwa kuvaa mkanda wa kupandia, kofia ngumu, kufunga mafundo ambayo hayafyatuki. Tulifundishwa kupogoa tawi bila kuuchuna mti, mahali pa kukata ili kidonda kifunge. Nilishangaa kujua kwamba miaka yote ile tulikuwa tunaiumiza miti. Shemeji yeye alishangazwa na mkanda. Alipanda mlingoti mrefu nyuma ya bweni, akaachia mikono yote miwili akaning'inia, akaita, "Shemeji! Kumbe mtu anaweza kukaa huku hata siku nzima!"

Siku ya somo la umeme mkufunzi hakuleta jani wala kamba. Alisimama mbele yetu na mikono mitupu. Alisema mtu akinaswa na umeme mtini, mti wote uhesabu kuwa ni waya. Usiuguse. Usimpandie. Usimvute kwa kamba iliyolowa. Kata umeme kwanza, hakikisha umekatika, ndipo upande. "Mtasikia watu wanawapigia kelele chini ya mti," akasema. "Msiwasikilize."

Kijana mmoja wa mbele akauliza, "Na kama ni ndugu yako?"

"Hasa kama ni ndugu yako," akajibu. Kisha akatutaka tuandike.

Katika mtihani wa vitendo kila mmoja alitakiwa kumshusha mwenzake anayejifanya amezimia juu ya mti. Mimi nilipangiwa shemeji. Alijilegeza mpaka akawa mzito kama gunia la mahindi, na nilipomfikia nikakuta amefumba macho anakoroma. Nilimfinya. Akanong'ona, "Niache, nimezimia." Nilimfungia kamba yangu, nikamshusha taratibu mpaka chini, watahini wakaandika kwenye karatasi zao. Tulifaulu wote wawili. Mimi nilimzidi kidogo kwenye maandishi.

Kampuni ikatuchukua. Kwa sababu ya zile alama chache wakanifanya msimamizi wa kikundi, shemeji akabaki mpandaji. Hakuona vibaya. Alisema ameoa ngazi, hataki kuolewa na ofisi. Mke wangu alipokuja Tunduma kututembelea alikiomba cheti changu, akakishika kwa pembe asije akakichafua, akakisoma chote kwa sauti, mpaka jina la mpiga chapa pale chini. Kisha akasema, "Sasa nitalala usingizi. Kaka yangu yuko na mtu anayejua."

Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Mtaa ule ulikuwa wa maduka, na mbele ya nyumba moja ya wageni ulisimama mjakaranda mkubwa ambao matawi yake yalikuwa yamepita katikati ya nyaya. Asubuhi mafundi wa umeme walikuja, wakakata laini ya mtaa ule kwenye transfoma, wakanithibitishia, nami nikaona kwa macho yangu. Kisha wakaondoka kwenda kwenye nguzo iliyoanguka upande wa Vwawa, tukakubaliana nitawapigia tukimaliza. Nilifanya kila nililofundishwa. Nilizungushia utepe chini ya mti. Nilikagua mkanda wa shemeji, fundo kwa fundo. Akanitania kwamba namkagua kama bibi harusi.

Alipanda. Kazi ilikwenda vizuri mpaka karibu na mchana. Maduka mengi yalikuwa yamewasha jenereta, mtaa mzima unanguruma, moshi wa petroli unawasha macho. Waislamu walikuwa wanafunga maduka yao kwenda kuswali. Shemeji alikuwa amefikia tawi la mwisho, lile lililogusa nyaya zenyewe, analikata kwa msumeno wa mkono.

Ghafla redio ya kinyozi wa jirani, iliyokuwa kimya tangu asubuhi, ikaanza kuimba. Taa iliyoning'inia mlangoni kwake ikawaka. Watu wa mtaani wakashangilia kama wanavyoshangilia siku zote, "Umerudiii!" na mtu mmoja akapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeinama kukusanya kamba. Nilipoinua kichwa, shemeji alikuwa amekakamaa, kichwa kimerudi nyuma, mkono wa kulia umenyooka mbele. Kulikuwa na mlio kama wa mafuta kwenye kikaango. Halafu msumeno ukaanguka, mwili wake ukalegea, akabaki amening'inia kwenye mkanda, kofia imemfunika uso. Tawi lililokatwa nusu lilikuwa limelala juu ya waya, ncha yake imegusa paja lake.

Nilimwita. Hakujibu.

Niliwapigia mafundi. Fundi akapokea mara ya kwanza, akaniambia, "Haiwezekani, msimamizi. Sisi tumekata. Hatujarudisha kitu."

"Mtaani umeme unawaka, kaka. Mtu wangu amenaswa."

Kisha akasema, "Basi kuna mtu amewasha jenereta na inarudisha umeme kwenye laini. Itafute. Usiuguse mti. Tunakuja."

Kutoka walipokuwa mpaka pale ilikuwa safari ndefu, na barabara imejaa malori. Nikageuka kuutazama mtaa. Jenereta zilinguruma kila upande, mbele ya maduka, uchochoroni, nyuma ya kuta. Ni ipi? Niliwatuma wenzangu wakimbie mlango kwa mlango wazime kila watakayoikuta. Mimi nilibaki, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuingia ndani ya utepe.

Walikuja wengi, na wote walitaka kumwokoa. Mpagazi mmoja alikuwa karibu kulishika shina apande, nilimsukuma akaanguka. Dereva wa Kizambia alikuja na wazo la kurudisha lori lake nyuma chini ya mti ili apande juu ya mzigo amfikie. Lori la chuma, tawi lililogusa waya. Nilisimama nyuma ya lori nikainua mikono. Akatoa kichwa dirishani akafoka, "Iwe! Wewe! Huyu mtu anakufa, wewe unazuia?"

"Ukigusa utakufa na wewe," nikasema.

"Umejuaje?"

"Nimesomea."

Hilo ndilo lililowakasirisha. Mama muuza maandazi, ambaye shemeji alikuwa akinunua kwake kila asubuhi, alinishika shati. "Umesomea kusimama? Kama una cheti, si upande?" Nyuma yake watu wakaitikia. Mtu akanirushia kopo la maji. Juu, mguu wa shemeji ukatikisika. Umati wote ukaona, ukapiga yowe, "Yuko hai! Yuko hai! Mpandie!"

Sijui kueleza mwili wangu ulivyokuwa. Nilikuwa nimevaa mkanda. Kamba yangu ilikuwa begani. Kazi niliyoijua kuliko zote ilikuwa ile, kumfikia mtu aliyezimia mtini na kumshusha, na mtu mwenyewe ni yule yule. Miguu yangu ilitaka kwenda. Nilirudia kwa sauti, na sasa najua nilikuwa nalia, "Msimguse. Msipande. Msimguse. Msipande." Nilisema hivyo mpaka maneno yakaisha maana.

Wenzangu walizima jenereta moja baada ya nyingine, na redio ya kinyozi ikaendelea kuimba. Hatimaye mmoja akarudi akihema. Nyuma ya duka la samaki wa barafu kulikuwa na jenereta kubwa ya dizeli, ndani ya uzio wa nondo, geti limefungwa kwa kufuli, mwenyewe yuko msikitini. Aliiwasha ili samaki wa kwenye friza wasiyeyuke, akafunga, akaenda kuswali. Walijaribu kuvunja kufuli kwa jiwe, wakashindwa. Mwingine alikuwa amekwenda kumfuata.

Tulimwona akija mbio, mzee mnene, kanzu ameikusanya mkononi, peku, amesahau viatu vyake msikitini. Ufunguo ulimwanguka, akauokota, akafungua geti. Kisha redio ikakatika katikati ya wimbo.

Nilipiga tena simu, fundi akaniambia njia ya kuhakikisha, nikahakikisha, ndipo nikapanda. Nilipomfikia, shemeji alikuwa anapumua. Mkono wake wa kulia sitauelezea. Nilimfungia kamba yangu, nikamshusha taratibu, na chini wakampokea watu wale wale walionitukana, wakampokea kwa upole mno. Mzee wa samaki alitupakia kwenye pikapu yake. Njia nzima hadi hospitalini Vwawa aliendesha huku akisema, "Ya Rabi, sikujua. Ya Rabi, sikujua." Mimi nilikuwa nyuma nimekishikilia kichwa cha shemeji kisigonge bodi.

Walimpeleka Mbeya. Huko wakaukata mkono juu kidogo ya kiwiko. Aliishi.

Mke wangu alifika hospitalini na kanga zake mbili na chungu cha uji. Alimlisha kaka yake, akamfuta mdomo, akamfunika. Kisha akanitoa nje kwenye varanda. Hakupandisha sauti.

"Wanasema ulikuwa umesimama tu."

Nikamweleza. Nilimweleza yote, jenereta, tawi, lori, somo la mkufunzi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimeelewa." Kisha akarudi ndani. Ninaamini kweli alielewa. Lakini tangu siku ile, tukiwa tumelala, nilijua yuko macho, na yeye alijua mimi niko macho, na hakuna aliyejua aanzie wapi.

Kule Ruanda baba mkwe aliita kikao cha ukoo. Nilikaa kwenye mkeka mbele ya wazee nikaeleza tena. Baba mkwe aliuliza swali moja tu, bila ukali, kama mtu anayetaka kujua njia. "Kwa hiyo, mkwe, hicho cheti ndicho kilichokuambia ungoje?" Nikasema ndiyo, baba. Akatikisa kichwa, akatazama nje ambako kuku walikuwa wanachakura. Wazee wengine wakakohoa. Kikao kikafungwa kwa sala, wala hakuna aliyenilaumu. Laiti wangenilaumu ningepata la kujitetea.

Kampuni kwa upande wao walinisifu. Walikuja wakubwa kutoka makao yao, wakaita vikundi vyote, wakanisimamisha mbele. Mmoja akasema ningepanda ingekuwa maiti mbili, na pengine ya tatu na ya nne. "Fanyeni kama huyu," akawaambia. Watu wakapiga makofi. Mimi nilitazama buti zangu. Alichosema kilikuwa kweli, na hakikunisaidia chochote. Mtaani walinipa sifa ya namna nyingine. Neno msimamizi, lililokuwa cheo changu, likageuka mdomoni mwa wapagazi na waendesha bodaboda. Nikipita walisema, "Msimamizi huyo," na wakasimama wima, mikono ubavuni, wakatazama juu.

Nilizungumza na mkufunzi wetu mara moja kwa simu. Nilitaka aniambie kitu, sijui kitu gani. Alinisikiliza, akajibu kwa ile sauti yake ya chini hata nikadhani simu imekatika. "Ulifanya sawa," akasema. Nikamwuliza, na wewe imewahi kukutokea? Akasema hapana, haijawahi. Alisema somo hilo analifundisha tu.

Shemeji alihamia Mbangala, kule bondeni, kwa ndugu wa mkewe, kulima ufuta. Kupanda miti hakuwezi tena, na mjini alisema kelele za jenereta zinamkosesha raha. Mzee wa samaki alimtembelea huko zaidi ya mara moja, wakala pamoja, wakawa kama ndugu. Mimi nilichelewa. Kila nilipopanga safari ilitokea kazi, au niliiacha itokee. Nilikwenda baada ya miaka, msimu wa kuvuna, mke wangu akiwa ametangulia.

Nilimkuta shambani kwenye joto lile la bondeni, akisimamisha matita ya ufuta yaliyofungwa ili yakauke, kwa mkono mmoja na goti. Alinicheka nilivyovaa shati la mikono mirefu. Nilimsaidia mpaka jua likapinda. Tulipokaa chini ya kibanda kunywa maji, alizungumza habari za mvua, za ng'ombe wa wafugaji walioingia shambani kwa jirani, za mtoto wake aliyeanza shule. Kisha akasema, huku anatazama matita, "Nilikuwa nakusikia."

Niliweka kikombe chini.

"Siku ile. Macho yalikataa kufunguka, lakini masikio yalikuwa wazi. Nilikusikia ukisema, msimguse, msipande. Ulisema sana, shemeji."

Nilingoja aendelee. Nilitaka aseme kwamba alinishukuru, au kwamba aliniona mwoga, au kwamba alielewa, lolote kati ya hayo ningelibeba. Hakuendelea. Hakuwa ananificha, nadhani hayo ndiyo yote aliyokuwa nayo. Mke wake akaita kutoka nyumbani kwamba chakula tayari. Shemeji akajiinua kwa mkono wake mmoja, mimi nikanyoosha mkono kumsaidia, lakini alikuwa ameshasimama.

Tulikula ugali, mlenda na nyama. Dada yake, yaani mke wangu, alimkatia nyama vipande vidogo bila kuulizwa. Jioni yake gari la mizigo likapita, mimi nikapanda kurudi kazini. Mke wangu akasema yeye atabaki wiki moja awasaidie kupura ufuta. Alikaa zaidi ya wiki. Mimi niliendelea na miti ya Tunduma, nikakagua mikanda ya wapandaji wangu fundo kwa fundo, nikatembea mtaa mzima na kugonga kila duka kuuliza nani ana jenereta. Hakuna aliyewahi kuumia tena kwenye kikundi changu. Watu husema hilo kama pongezi, nami huwaitikia, asante.